Kichwa Kwenye Mfuko wa Mbele

"Kichwa tu," alisema Leonsi, mganga wa zahanati. "Mwili uzikeni, tena shimo liwe refu. Mjini wanataka kichwa."

Wilibrodi alimtazama mbwa aliyelala chini ya ukuta wa ghala, mdomo umejaa mchanga na povu. Alikuwa mbwa wake mwenyewe, jina lake Watasema, na katika maisha yake hakuwahi kumng'ata mtu isipokuwa balozi wa nyumba kumi, kosa ambalo kijiji kizima kilimsamehe siku ileile. Asubuhi hii alikuwa ametafuna mpini wa jembe, akala udongo, kisha akamrukia Adela, binti wa Wilibrodi, aliyekuwa anamwaga majivu nyuma ya jiko, akamzamisha meno kwenye shavu la mguu. Wanaume walimmaliza kwa magongo.

"Mlimpiga wapi?"

"Mbavuni."

"Afadhali. Mngepasua kichwa, mngekuwa mmepasua na bahati ya mtoto."

Adela alikaa kizingitini, mguu umefungwa kitambaa, akiwaangalia wakubwa wakizungumza juu yake kana kwamba yeye ni debe la mahindi. Mama yake, Silvana, alikuwa amesimama nyuma yake, mikono yote miwili kwenye mabega ya mtoto.

"Sindano zipo?" aliuliza Silvana.

"Zipo mjini, hospitali. Chache mno, mama Adela. Ndiyo maana hawamchomi mtu mpaka bwana mifugo apime ubongo wa mbwa aseme kweli alikuwa na kichaa. Mkienda na mtoto bila kichwa, mtarudishwa mkalete kichwa. Mkienda na kichwa bila mtoto, mtarudishwa mkamlete mtoto. Bebeni vyote."

"Na usafiri?" aliuliza Wilibrodi, ingawa alijua.

"Usafiri gani? Basi liko Laela linaota nyasi. Lori la ushirika halina dizeli, na ile iliyokuwepo imeenda kumleta mgeni wa mkoa aje kutuhimiza tufunge mikanda."

"Basi nitaendesha."

Leonsi alifungua mdomo kuongeza neno, lakini pale pale akaja mama mmoja mbio, binti yake ameshikwa na uchungu, na mganga akaondoka naye huku anakunja mikono ya shati. Hivyo waliambiwa kichwa kipelekwe. Hawakuambiwa kipelekwe namna gani.

Mfuko wa mbele wa Wilibrodi ulijulikana kuliko mwenyewe. Silvana aliushona kwa turubai la hema lililoachwa na wapima barabara, akautia mikanda ya ngozi. Miwili iliushika kwenye usukani, na wa tatu ulishuka mpaka kwenye uma wa gurudumu, kwa sababu mfuko usiofungwa chini hucheza, na mfuko unaocheza mteremkoni humtupa mtu korongoni na mali yake. Ndani kulikuwa na kibao cha sanduku la chai, ili tumbo la mfuko lisilegee likalamba tairi.

Kwa mfuko huo Wilibrodi alikuwa akishuka ziwani na kupanda, amebeba maharage kwenda na samaki kurudi, njia ambayo ng'ombe wenyewe huilalamikia. Watu walisema aliwahi kusinzia kutoka Mpui hadi Laela bila kuanguka, mfuko ndio ulioshika njia. Hakukanusha. Sheria yake ilikuwa moja: kizito kikae nyuma, cha thamani kikae mbele. Gunia likidondoka nyuma utalisikia. Lakini kitu ambacho hutaki kikuponyoke hata kwa pumzi moja, kiweke kati ya mikono yako miwili, ukitazame njia nzima.

Jioni ile alikuwa amepindua baiskeli uani, anaziba tundu kwenye tyubu, aliposikia shoka nyuma ya jiko. Hakwenda kutazama. Alikuwa amemlea mbwa yule tangu anatosha kwenye kofia.

"Kitaoza kabla hujafika," Silvana alisema kutoka jikoni.

"Kuna baridi. Mwezi wa sita huu."

"Baridi ya asubuhi. Mchana jua litakipiga ndani ya turubai, kitafika mjini kinatembea chenyewe. Mimi nimezaliwa Kasanga, kando ya ziwa, baba Adela. Sijapata kupeleka samaki sokoni akanuka. Ndiyo nipeleke kichwa kinachonuka, na ndicho kitakachomponya mwanangu?"

Wilibrodi aliona maneno hayo yana akili. Aliona zaidi moshi uliotoka chini ya paa, moshi mzito wa kuni mbichi, na akasikia chumvi ikisagwa juu ya jiwe, chumvi ambayo walikuwa wanaikopesha ulimi tu tangu Pasaka. Silvana aliimimina yote. Alikipaka kichwa, akakiweka kwenye uchaga juu ya moto mdogo, akakigeuza na kukigeuza kama walivyomfundisha wanawake wa kwao, mpaka jogoo akawika.

Alfajiri alikitoa kimefungwa kwa majani ya mgomba na kamba. Kilikuwa kikavu, chepesi kidogo, cheusi kama sufuria. Aliuingiza mzigo ule mfukoni kwa mkono mmoja, mkono mwingine umefichwa ndani ya kanga kwa baridi, akafunga mkanda.

"Hata wakikiweka mwezi," alisema, "hakitanuka."

Upepo wa Ufipa mwezi wa sita unaweza kumvua mtu shati bila kufungua kifungo. Wilibrodi aliendesha ameinama, kifua karibu kiguse mfuko. Nyuma yake, juu ya kerieli, Adela alikaa kwenye gunia lililokunjwa, amejifunika blanketi, ameshika mshipi wa baba yake. Kila mwinuko ulipowashinda, baba alishuka akasukuma, mtoto akabaki juu kama mke wa mtemi.

Mzigo wa mbele ulivutia kushoto. Kichwa cha mbwa hakikai katikati, pua huwa nzito kuliko kisogo. Wilibrodi alisimama, akahamishia pampu na spana upande wa kulia wa mfuko, akaukaza mkanda wa chini tundu moja. Usukani ukatulia.

"Baba," alisema Adela, "Watasema anaona njia?"

"Anaona."

"Basi yeye ndiye anayetupeleka."

"Ndiyo. Mshike vizuri baba."

"Ana hasira bado?"

Wilibrodi alikanyaga pedali kwa nguvu. "Zimekwisha."

Jua lilikuwa limepita utosini walipofika kwenye kizuizi cha mgambo. Mti mrefu ulilazwa juu ya madebe mawili, na kando yake watu walisubiri na vifurushi vyao. Mgambo mwenyewe aliitwa Eustace, kijana wa bunduki ya mbao na sauti ya chuma.

"Shuka, ndugu. Mbele humo mna nini?"

"Kichwa."

"Cha nini?"

"Cha mbwa. Amemng'ata mtoto, nakipeleka kichwa kupimwa."

Eustace alicheka mpaka kofia ikasogea. "Wenzako husema maharage. Wewe umeona useme mbwa ili tuone kinyaa tusipekue. Kumbe wapo walanguzi wenye elimu!" Akanusa. "Hii ni harufu ya nyama iliyobanikwa. Nyamapori. Kibali kiko wapi?"

"Ndugu, nakusihi, usifungue hapa."

Neno hilo ndilo lililofungua. Eustace alichomoa mkanda, akatumbukiza mkono, akatoa mzigo, akakata kamba huku anawakonyeza waliosubiri, kama mtu anayekaribia kugawa kitoweo. Majani yalifunguka. Moshi ulikuwa umekausha midomo ya Watasema ikarudi nyuma, meno yote yakabaki nje, anacheka kuliko alivyopata kucheka akiwa hai.

Mama mmoja alipiga ukelele. Eustace alikiachia kichwa, kikabingirika vumbini.

"Kumbe ndiyo nyama wanayotuuzia minadani!" alisema mzee mmoja.

"Mbuzi wa Laela, kumbe anabweka!" alidakia mwingine, na watu wakaangua kicheko cha watu walioshinda njaa.

Mgambo aliyetishika mbele ya watu hana budi kumtisha mtu. Eustace aliifuta mikono kwenye suruali, akamwamuru Wilibrodi akae chini kando ya kizuizi, kichwa juu ya magoti, uso kwa uso, mpaka mkuu wake atakaporudi kutoka kula. Wilibrodi akakaa. Alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu za mvi mbili tatu, amepakata kichwa cha mbwa kama mjukuu, na kila aliyepita alipewa maelezo mapya: huyu ni mwuza nyama, huyu ni mchawi, huyu alimla mwenyewe mwili akabakiza kichwa.

Adela alisimama kando, amelikumbatia blanketi. Alipochoka kuwasikia alifungua kitambaa mguuni, akamsogelea Eustace, akamwonyesha. Mguu ulikuwa umevimba, na alama za meno zilijipanga kwa duara.

Kicheko kilikatika. Eustace aliutazama mguu, akakitazama kichwa, akayatazama meno.

"Nendeni," alisema kwa sauti yake halisi, ambayo haikuwa ya chuma hata kidogo. "Mbona hukusema?"

"Nilisema," alijibu Wilibrodi, akianza kukifunga kichwa upya.

Waliingia mjini jua linazama, ofisi zote zimefungwa. Walikwenda mtaa wa Chanji kwa Mwanaheri, mjane wa mfanyabiashara aliyekuwa akinunua samaki wa Wilibrodi. Mwanaheri alimkumbatia mtoto, akataka kuupokea na mfuko.

"Usiushike, dada. Mna kichwa cha mbwa."

Mwanaheri aliurudisha mkono wake taratibu, kama mtu aliyekuwa anataka kushika kaa la moto. "Shemeji Wilibrodi, mimi na wewe tumekula sahani moja. Lakini mbwa? Ndani kwangu, penye mswala?"

"Nitakaa naye nje."

"Usiku utakugandisha."

"Nikimwacha nje peke yake, mbwa wenzake watamla."

Basi mtoto akalala ndani, amekula ubwabwa, na baba akakaa barazani na mfuko kati ya miguu, gunia begani, kikombe cha chai ya Mwanaheri kikipoa mkononi. Fisi walilia upande wa Kizwite. Wilibrodi aliufunga mkanda wa mfuko kwenye kifundo cha mguu wake, akangoja kukuche.

Bwana mifugo aliitwa Saad, kijana wa mjini aliyeliacha duka la baba yake akaenda kusomea ng'ombe, na baba yake hajamsamehe mpaka leo. Alivaa glavu, akakifungua kichwa juu ya meza ya zege, akainama. Kisha akainuka.

"Nani alikifanya hivi?"

"Mke wangu. Kisioze."

"Hakijaoza." Saad alichukua msumeno mdogo, akafanya kazi yake, mfupa ukilia. Alipomaliza alimwita Wilibrodi asogee. Ndani ya fuvu, kile kilichotakiwa kuwa laini kilikuwa kimejikunja, kigumu, kama kiini cha yai lililochemshwa likasahauliwa motoni. "Kimebanikwa vizuri kuliko samaki wote wa sokoni kwetu. Lakini ubongo umeiva, mzee. Ninachokitafuta hakionekani kwenye ubongo ulioiva. Ungekifunga tu kwa kitambaa kibichi ukaja nacho."

"Hatukuambiwa."

"Naona."

"Tazama tena."

Saad alitazama tena. Alifanya hivyo kwa adabu tu, kama mtu anayeonja mara ya pili chakula kisicho na chumvi. "Hapa natakiwa niseme sijaona kitu."

Wilibrodi alivua kofia. Aliishika kwa mikono yote miwili, akaanza kueleza: mpini uliotafunwa, udongo ulioliwa, povu, macho yaliyomtazama bwana wake bila kumjua. Alieleza haraka, kisha akarudia, na aliporudia sauti yake ikawa ya mtu anayeuza kitu kibovu. "Ungemwona, bwana mifugo. Ungemwona mwenyewe usingehitaji ubongo."

Saad alikuwa akivua glavu, na kidole cha tatu kilipokwama akasimama ghafla.

"Mama alivaa nini mikononi alipokikata?"

Wilibrodi hakuelewa swali. Aliyejibu alikuwa Adela, kutoka mlangoni.

"Hakuvaa kitu. Shoka lilikata shingo, halafu akashika kisu, kisu kikateleza kwenye meno, akajikata hapa." Alionyesha kidole gumba. "Akasema nisimwambie baba, atachelewa kuondoka."

Ng'ombe mmoja alilia nyuma ya ofisi. Saad aliimalizia glavu, akaitupa juu ya kichwa.

"Kilikuwa kibichi bado?"

"Kilikuwa na damu," alisema Adela.

"Twende hospitali," alisema Saad. "Huo mfuko uache hapo. Nitauchoma pamoja na hiki."

"Mfuko wangu ni wa..."

"Uache, mzee."

Walikwenda kwa miguu, Wilibrodi akiikokota baiskeli na mtoto juu yake. Muuguzi wa zamu aliitwa Sista Kristiana, mwanamke mnene mwenye macho yaliyokosa usingizi, na funguo za jokofu zilining'inia shingoni mwake pamoja na rozari.

"Umepima?" alimwuliza Saad.

"Nimepima." Saad alikuwa akiangalia dirisha. "Mbwa alikuwa na kichaa."

"Haya. Mna bahati. Iliyobaki ni dozi ya mtu mmoja. Sindano za tumboni, kila siku moja, wiki mbili. Atalia, usimwonee huruma." Alichukua kalamu. "Nani mwingine amegusana na huyo mbwa? Mate, damu, kidonda?"

Wilibrodi alimtazama Saad, lakini Saad alikuwa ameshatoka mlangoni, amemgeuzia mgongo, anaikagua baiskeli kama anataka kuinunua. Alimwachia mwenye neno neno lake.

"Na mama," alianza Adela.

Wilibrodi aliubana mkono wa mtoto. Aliubana kwa nguvu ambayo hakupata kuitumia kwake.

"Hakuna mwingine," alisema. "Ni huyu tu."

Sista aliwatazama wote wawili, akaiweka kalamu chini. Alimlaza mtoto kitandani, akamfunua tumbo. Sindano ilikuwa ndefu. Adela alipiga kelele moja tu, kisha akauma blanketi, macho yake kwa baba yake, na haikujulikana analilia kipi kati ya tumbo na mkono.

Mtoto alipopelekwa nje kwa Saad, Wilibrodi alibaki.

"Sista. Yupo mwingine. Mama yake, alikikata kichwa kwa mikono mitupu akajikata kidole."

Kristiana alikaa kitini taratibu. "Mbona hukusema nilipokuuliza?"

"Ningesema, ungefanyaje?"

"Ningemwita daktari achague."

"Ndiyo maana."

"Kwa hiyo umechagua wewe."

"Nimechagua mimi."

Sista hakumgombeza. Aliingia chumba cha pili, na kwa muda ilisikika redio ya mawasiliano ikikoroma, sauti ya Sista ikiuliza, na sauti ya mbali ikijibu kama mtu aliye ndani ya mtungi. Alirudi anatikisa kichwa. Mbeya nao walikuwa wameishiwa. Wameomba Dar es Salaam. Huenda wiki ijayo, huenda mwezi ujao. "Zikija nitakukabidhi mwenyewe. Mganga wenu atamchoma huko huko, usimkokote mgonjwa njia yote hiyo. Ila uzibebe taratibu, zisitikisike, zisipigwe na jua." Kisha akafungua droo, akatoa kipande cha sabuni, akakata nusu yake kwa kisu. "Aoshe kidole, kwa maji mengi. Tumechelewa, lakini aoshe."

Wakati ule watu walikuwa wakifulia majivu na majani ya mpapai. Wilibrodi aliipokea sabuni kwa mikono miwili.

Alimwacha Adela kwa Mwanaheri, ambaye angempeleka hospitali kila asubuhi, na kesho yake baada ya sindano ya pili akaondoka. Bila mfuko, mbele ya baiskeli palikuwa pepesi mno. Usukani ulimyumbayumbisha kama mlevi, na macho yake, yaliyozoea kuwa na kitu cha kulinda, hayakujua pa kukaa. Sabuni aliifunga kwenye kitambaa, akaitia ndani ya shati.

Kizuizini Eustace alimtambua.

"Leo umebeba kichwa cha nani?"

"Changu."

Eustace aliinua mti bila kupekua.

Alimkuta Silvana uani anapura ulezi, fimbo ikipanda na kushuka, kidole gumba kimezungushiwa kitambaa cha kanga. Mwanamke hakuiacha fimbo.

"Mtoto?"

"Anachomwa. Mbili tayari. Analia, halafu anakula ubwabwa wa Mwanaheri anasahau."

"Mungu ashukuriwe." Fimbo ilishuka. "Mfuko wangu uko wapi?"

"Umechomwa."

"Na nani?"

"Bwana mifugo. Alisema kilichogusa kile kichwa kichomwe."

Fimbo ilibaki juu. Silvana aliishusha polepole, akaitazama mikono yake, upande huu na upande ule, kama mtu anayetafuta alipoacha pete.

"Kilichogusa kichwa," alirudia.

Wilibrodi alitoa sabuni kifuani. Silvana aliichukua, akainusa kwanza, kwa sababu pua ya binadamu haijui msiba. "Adela amekwambia."

"Alimwambia bwana mifugo."

"Mtoto yule! Nilimwambia anyamaze." Alitaka kucheka, kicheko kikakataa. "Na sindano?"

"Zilikuwa za mtu mmoja."

"Walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ni mtoto tu."

Silvana alirudi kwenye ulezi wake. Alipiga fimbo mpaka makapi yakamjaa nywele, na mumewe akasimama pale pale, amesahau hata kuiegemeza baiskeli. Hatimaye mwanamke akapumzika.

"Ungesema vingine," alisema, "nisingekufungulia mlango." Kisha, bila kumtazama: "Ni mimi niliyekiharibu kile kichwa?"

"Nani kakwambia? Kilifika vizuri. Bwana mifugo alikisifu."

"Alisemaje?"

"Alisema kimebanikwa kuliko samaki wote wa sokoni."

Silvana aliitikia kwa kichwa. Alikwenda kwenye ndoo ya maji kando ya jiko, akaosha kidole kwa ile sabuni, povu likawa la waridi kidogo. Aliosha muda mrefu. Aliporudi alikaa kwenye kigoda.

"Mtu ikimshika, inaanzaje?"

"Acha hayo, mama Adela."

"Nimekuuliza."

"Anaogopa maji."

Silvana alinyanyuka, akaingia ndani penye mtungi, akatoka na kata iliyojaa mpaka ukingoni. Alisimama mbele ya mumewe, akainywa yote kwa mkupuo mmoja, macho yake yakimtazama juu ya ukingo wa kata, maji yakimtiririka kidevuni mpaka kifuani.

"Umeona?" alisema, akijifuta. "Bado."

Ikawa ndiyo salamu yao. Kila asubuhi, kabla ya uji na kabla ya jembe, Silvana aliteka maji akanywa mbele yake, akasema bado, na Wilibrodi akapata ruhusa ya kuianza siku. Adela alirudi nyumbani tumbo limekuwa gumu kama ngozi ya ngoma, mguu umepona. Aliikuta desturi hiyo nyumbani, naye akawa anakuja kusimama karibu na baba yake kutazama.

Silvana alishona mfuko mwingine, wa gunia mara mbili, akautia sufi ndani kama mto wa mtoto mchanga, na katikati akaacha nafasi ya chupa za dawa. Mikanda akaitengeneza kwa ngozi ya viatu vilivyokufa. Wilibrodi aliufunga kwenye usukani, akaukaza chini kwenye uma, akaenda nao mjini mtupu. Akarudi nao mtupu. Sista Kristiana akimwona tu mlangoni na baiskeli yake alikuwa anatikisa kichwa kabla hajasalimiwa. Upepo ukaisha, nyasi zikachomwa, mawingu ya kwanza yakaanza kukusanyika upande wa Rukwa, na yeye bado aliendesha kwa uangalifu juu ya mawe, akiukwepesha mfuko usitikisike, ingawa hamkuwa na kitu ndani yake.

Kidonda kilifunga. Kilibaki kovu jembamba, na siku nyingine Silvana alilikuna bila kujua analikuna. Wilibrodi aliliona hilo.

Asubuhi moja aliteka maji kama kawaida. Alitoka nayo, akasimama penye mwanga, akainua kata mpaka mdomoni. Hapo akasita. Akaishusha. Akaitazama ndani, uso umekunjamana.

Wilibrodi alisimama, kigoda kikaanguka nyuma yake. Adela alimshika mkono.

Silvana alitumbukiza ncha ya kidole, akatoa kitu kidogo cheusi, akakipeperusha.

"Kaa chini, baba Adela," alisema. "Ni sisimizi."

Akanywa. Wilibrodi hakukaa. Alisimama mpaka kata ikakauka, kisha akatoka nje, akachukua pampu, akaanza kulijaza tairi la mbele, ambalo halikuwa limepungua upepo.